Rauta Chini ya Meza: Skrubu Tupu, Pleti, Jeki au Lifti?

Kijana mmoja fundi wa Buguruni alinijia karakana na rauta mpya ikiwa bado kwenye boksi, kipande cha plaiwudi ya milimita 18, na swali: "Shikamoo fundi. Hii niifunge vipi chini ya meza?"

"Marahaba. Biti utaipandisha na kuishusha mara ngapi kwa siku?"

Akacheka, akadhani namkwepa. Simkwepi. (Rauta ya seremala, jamani, ile inayochonga kingo na mifuo kwa biti, kisu chake kinachozunguka. Si ruta ya intaneti.) Njia za kuifunga kwenye meza ya kujitengenezea hazizidi tano, na zote zinachonga sawa: biti ileile kwa kasi ileile inatoa ukingo uleule, uwe umeifunga kwa skrubu nne za kuokota au kwa lifti ya ng'ambo, yaani kifaa cha kuipandisha na kuishusha rauta. Zinapotofautiana ni kwenye dakika unazopoteza kila unapobadili biti au urefu wake. Halafu kuna swali la pili, ambalo wengi hulikumbuka meza ikishaisha: rauta hiyo ndiyo pekee uliyonayo? Kama ndiyo hiyohiyo utakayoibeba kwenda kuchimba kitasa cha mlango kwa mteja, basi kuitoa mezani kusikuchukue nusu saa.

Ipindue kwanza uitazame

Rauta zina vitako vya aina mbili. Kuna ya kitako kisichozama: mota inaingia ndani ya kitako kama chupa kwenye kishikio, unaiweka kwenye urefu unaotaka, unakaza. Makita 3601B ni ya ukoo huo, na Bosch 1617 inayopendwa Marekani pia. Mota yake huchomoka nzima, na hilo litakuwa na maana baadaye. Kuna na rauta ya kuzama: mota imekaa kwenye nguzo mbili zenye springi, unaikandamiza izame kwenye mbao, ukiachia inapanda. Rauta kubwa ninazoziona madukani Kariakoo, za wati 1600 kwenda juu, nyingi ni za kuzama.

Ukiipindua ya kuzama, mambo yanageuka. Springi zilizokuwa zikikusaidia kuinua mota sasa zinaisukuma chini, zikishirikiana na uzito wake, na rauta kubwa ina kilo 5 hadi 6. Unataka kupandisha biti milimita moja. Unapambana na springi, unapitiliza mbili, unarudisha, unapitiliza tena. Ndiyo maana mafundi wengi huzitoa springi kwenye rauta inayokaa mezani siku zote. Zitoe ikiwa tu kijitabu cha mashine kinaonyesha zinavyotoka, na uzitie kwenye mfuko uuning'inize palepale kwenye mguu wa meza. Rauta ya kuzama isiyo na springi haijitoi kwenye mbao unapoiachia, kwa hiyo usije ukaishika mkononi hivyo.

Tazama na koleti, kile kishikio kinachobana shina la biti. Kuna ya milimita 6 na ya 6.35, ya 12 na ya 12.7, na kwa macho hazitofautiani. Shina la 6 kwenye koleti ya 6.35 utalikaza na utaamini limeshika, kisha litaanza kupanda lenyewe katikati ya kazi. Limenikuta hilo kwenye fremu ya mninga: mfuo ulianza na kina cha milimita 8 upande wa kulia ukaishia 13 upande wa kushoto, nami nikailaumu meza siku nzima. Meza haikuwa na kosa. Nunua biti zinazolingana na koleti uliyonayo, na unapoiingiza biti isukume mpaka mwisho kisha irudishe milimita mbili tatu kabla ya kukaza, isikae ikigusa chini.

Na kama rauta yako ni zawadi ya ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko kabla ya kitu kingine chochote. Kikisema volti 120, unahitaji transfoma inayobeba wati zake zote. Kwenye soketi yetu ya volti 230 itapiga kelele moja nzuri, ya mwisho.

Skrubu moja kwa moja kwenye mbao

Njia hii inadharauliwa kwa sababu haina cha kupigia picha. Unaitoa sahani ya plastiki iliyo kwenye kitako, unaitumia kama kiolezo cha kutobolea matundu, unachimba upande wa chini wa meza shimo la kumeza kitako, unabakiza mbao ya milimita 9 hivi, halafu unakaza kutoka juu kwa boliti ambazo vichwa vyake vinazama. Asubuhi moja, kazi imeisha.

Wanaoikataa husema inakula urefu wa biti. Tupige hesabu. Plastiki uliyoitoa ina unene wa milimita 5 au 6. Mbao uliyobakiza ni 9. Umepoteza milimita 3 au 4 basi, na kwa kazi ya kulainisha kingo au kuchimba mfuo wa ubao wa nyuma ya kabati hutazikumbuka kamwe. Hasara kubwa hutokea kwa anayefunga rauta chini ya meza nene bila kuchimba: huyo anatoa milimita 18 au hata 36 na kubaki na ncha ya biti inayochungulia.

Udhaifu wake wa kweli uko kwingine. Kubadili biti kunakupeleka chini ya meza na spana mbili, shingo imepinda kama fundi wa malori. Tundu la biti nalo ni moja: ukilikata la milimita 40 ili biti kubwa ipite, siku ya biti ndogo utakuwa na pengo ambalo kipande kifupi cha mbao hutumbukia ncha. Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha hadibodi au plaiwudi ya milimita 3 kinachofunika meza yote, kibane kwa klampu, washa rauta na uipandishe biti polepole itoboe tundu lake yenyewe. Umepata tundu lililobana kwa bei ya takataka.

Hapa aina ya ubao ni jambo la kufa na kupona. Plaiwudi nzuri ya 18 ikibakizwa 9 inastahimili, kwa sababu tabaka zake zimepishana. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ikibakizwa 9 na kuning'iniziwa kilo 6 zinazotetemeka inalegea kwenye matundu ya boliti, na huku pwani, masika yakiingia, inanywa unyevu kupitia kila sehemu uliyochimba na kuvimba. Chipbodi usiijaribu kabisa kwa njia hii. Kama MDF ndiyo uliyonayo, ipake vanishi pande zote mbili pamoja na ndani ya shimo, na uende kwenye pleti.

Boliti za kiwandani zitakuwa fupi. Chukua moja, nenda nayo dukani, tafuta ndefu zenye nyuzi zilezile. Usilazimishe, kitako cha alumini ukikiharibu nyuzi umeharibu rauta.

Pleti

Pleti ni sahani ya mstatili inayokaa kwenye shimo la meza juu ya ngazi nyembamba iliyochongwa kuzunguka shimo. Rauta imefungwa kwenye pleti, meza imebeba tu. Za dukani zenye vipimo vya Marekani mara nyingi huwa inchi 9¼ kwa 11¾, yaani milimita 235 kwa 298. Ya kujitengenezea ifanye 250 kwa 300 ukumbuke kirahisi. Ukitaka kubadili biti unainua pleti na rauta yake kama mfuniko wa sufuria, unailaza mezani, spana mbili kwenye mwanga, umemaliza. Ukitaka rauta ya mkononi, unafungua boliti tatu au nne. Kwa mwenye rauta moja inayofanya kazi mbili, hapa ndipo mahali pake, nami sioni sababu ya kumpeleka kwingine.

Ugumu uko kwenye kupata sahani yenyewe. Perspeksi ya mafundi wa mabango inavutia kwa kuwa unaona chini, lakini ya milimita 6 inazama katikati kwa uzito wa rauta, na ukikaza boliti kwa hasira inapasuka kutoka kwenye tundu. Alumini ya unene huohuo ina ukakamavu unaoizidi perspeksi zaidi ya mara 20. Sahani ya alumini ya 250 kwa 300 kwa 6 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, inatobolewa kwa drili ya kawaida, na inakatwa hata kwa msumeno wa chuma ukiwa na subira. Ya chuma cha kawaida ya kipimo hicho ina kilo 3 na nusu, haitapinda maishani mwako, ila inashika kutu ikiachwa wiki moja bila nta, na huacha weusi kwenye mbao nyeupe kama paina. Kwenye milango ya mninga hilo halionekani. Kwenye kabati la paina la Sao Hill utafuta kwa msasa mpaka uchoke.

Jihadhari na alukobondi. Ndiyo ile inayofunika mbele za maduka na benki. Inang'aa kama alumini, mabaki yake hupatikana bure, na kila mwaka namwona mtu aliyekwishaikata akiwa na furaha. Ile ni plastiki iliyovikwa ngozi mbili nyembamba za alumini. Ikibeba rauta inakuwa bakuli.

Pleti inahukumiwa kwa ngazi yake. Usiichonge kwa kukadiria. Weka pleti mezani, izungushie vipande vinne vya ubao ulionyooka vikiibana pande zote, vibane vipande hivyo kwa gundi na misumari midogo, itoe pleti: umebaki na kiolezo chenye kipimo chake halisi. Biti yenye beringi juu ya ukataji itafuata kiolezo na kuchimba. Kona zitatoka za mviringo, kwa hiyo kona za pleti nazo zipige tupa zifuate. Biti ya kipenyo cha 19 inatoa kona ya nusu yake, 9.5. Chimba ngazi iwe na kina kinachozidi unene wa pleti kwa nusu milimita hivi, kisha ujaze. Unaweza kutia skrubu ndogo za kusawazishia kwenye kona na katikati ya pande, au ukafanya ninavyofanya mimi, vipande vya kopo la soda, kila kimoja kama sehemu ya kumi ya milimita, unaongeza mpaka ukipitisha kucha toka mezani kwenda kwenye pleti isikwame. Kucha ni kipimo kikali. Penye mwinuko wa nywele mbao inasimama ghafla, na alama ya kusimama huko inabaki kwenye ukingo wa kazi yako.

Baada ya ngazi ndipo ukate shimo la katikati, ukibakiza ngazi ya upana wa milimita 10 hadi 15. Mbao ya meza hapa inaweza kuwa ya unene wowote, hata kile kipande ambacho mafundi wa jikoni hukikata pa kuweka sinki na kukitupa. Kimekwisha kuvikwa fomika, kimenyooka, kina unene wa kutosha. Kiombe kabla hakijaenda jalalani, na ukingo wa ngazi, kwa kuwa ni chipbodi, uunyweshe gundi nyembamba ya epoksi usimomonyoke.

Usisahau kutoboa kitundu cha pini ya kuanzia, karibu na biti. Unapochonga kipande kilichopinda, kama mguu wa kiti, bila fensi (ule ubao ulionyooka wa kuongozea mbao), pini hiyo ndiyo egemeo la kwanza kabla mbao haijaigusa beringi. Bila pini, biti inakunyang'anya.

Jeki ya gari, fimbo ya thredi

Hadi hapa bado unainama kupandisha biti. Anayebadili urefu mara moja kwa siku asijisumbue. Anayetengeneza milango ya paneli, ambaye kila fremu inataka kuchongwa kwa hatua tatu, milimita 3, kisha 3, kisha 2, huyo anahitaji kitu cha kuzungusha.

Cha bei nafuu kuliko vyote kinapatikana kwa wauza spea chakavu: jeki ya mkasi ya gari dogo. Unaiweka kwenye rafu chini ya rauta ya kuzama, kichwa chake kinasukuma mgongo wa mota kupitia kipande cha ubao kilichochongwa kiikumbatie bila kuziba matundu ya hewa. Unazungusha, inapanda. Springi hapa zinakuwa rafiki, maana zinaishusha mota unapolegeza. Kasoro yake ni ya kimaumbile: jeki ya mkasi haipandi sawasawa. Ikiwa chini, mzunguko mmoja unainua sana. Ikiwa imesimama, mzunguko uleule unainua kidogo. Kwa hiyo usihesabu mizunguko, pima kwa rula ya chuma kila mara. Na ukishafika, funga ile lachi ya kuzuia kuzama. Jeki ikiachwa ibebe peke yake, mtetemo utailegeza taratibu, na mfuo wako utapungua kina bila kukuaga.

Fimbo ya thredi ni bora zaidi, lakini inakutaka uwe na muda. Inafaa rauta ambayo mota yake huchomoka. Unatengeneza sanduku la plaiwudi lenye tundu la kipenyo cha mota, unalipasua upande mmoja ili boliti ilibane, unalipitisha kwenye reli mbili zilizonyooka, kisha fimbo ya M10, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, inalipandisha kupitia nati iliyozamishwa ndani. Mota za Bosch 1617 na nyingi za Marekani za umri wake zina kipenyo cha inchi 3½, karibu milimita 89. Rauta ndogo ya Makita RT0700 ina 65. Pima yako, usiniamini mimi.

Utamu wake ni hesabu. Nyuzi za kawaida za M10 zina hatua ya milimita 1.5: mzunguko mmoja, biti imepanda 1.5, mizunguko miwili, 3 kamili. M12 ina 1.75, hesabu mbaya kichwani. M8 ina 1.25, minne inatoa 5. M6 ina 1 kamili na inavutia kwa hilo, lakini ni nyembamba kwa kazi ya kubeba. Mimi natumia M10 na gurudumu la ubao lililogawanywa alama 15 pembeni, kila alama sehemu ya kumi ya milimita. Nati ina mlegeo kidogo, kwa hiyo ukipitiliza, shusha mzunguko mzima kisha panda tena hadi kipimo. Uzito wa mota wenyewe unakaa juu ya nyuzi na kuumaliza ule mlegeo. Kisha kaza kufuli la sanduku. Lifti isiyo na kufuli haijaisha kutengenezwa.

Sehemu inayowashinda wengi ni reli. Zikiwa na mchezo wa nusu milimita, biti inainama kidogo kila urefu unapobadilika na fensi inaonekana kama ndiyo mbovu. Reli za droo za kawaida hazifai, zinayumba pembeni. Mabomba mawili ya chuma yaliyonyooka yakipita kwenye ubao mgumu uliotobolewa kwa drili ya kusimama, mbao zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja, yanafaa.

Lifti ya kununua

Nzuri. Unapandisha kwa mkono wa kuzungushia kutoka juu ya meza, hubonyei wala huinami, na nyingi huinua koleti mpaka juu ya pleti ukabadili biti bila kutoa kitu. Bei yake mara nyingi inaipita bei ya rauta yenyewe, inabidi uiagize, na nyingi zimetengenezwa kubana mota ya kipenyo maalumu cha rauta za kitako kisichozama. Mwenye rauta ya kuzama akiinunua kwa pupa atakuwa na vitu viwili visivyooana. Karakana yenye mafundi watatu na oda za milango kila wiki, inunue. Zipo pia rauta za kuzama zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya meza, zenye tundu la mkono wa kuzungushia kwenye kitako, kama Triton TRA001; ukiwa hujanunua rauta bado, hiyo ndiyo njia fupi ya kupata lifti ndani ya bei moja.

Kuna pia wanaoilaza rauta ubavuni, ikafungwa kwenye ubao uliosimama nyuma ya meza. Kwa kuchonga ndimi za fremu ni raha, mbao inalala bapa na ulimi unatoka ulionyooka. Kwa mengine yote inachosha. Ifikirie kama meza ya pili.

Rauta ndogo za wati 500 hadi 700 zifunge moja kwa moja kwenye ubao wa milimita 12 na usizitengenezee ufalme. Hazitazungusha biti ya paneli hata zikikaa kwenye kiti cha dhahabu.

Kwa anayependa kuona vyote mahali pamoja:

| Njia | Kubadili urefu | Kubadili biti | Kuitoa kwa kazi ya mkononi | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Skrubu kwenye mbao | Unainama | Unainama, spana mbili | Dakika kumi na zaidi | Boliti tu |
| Pleti | Unainama | Unainua pleti, rahisi | Dakika chache | Sahani ya alumini |
| Pleti na jeki | Mkono mmoja, pima kwa rula | Unainua pleti | Dakika chache | Jeki chakavu |
| Lifti ya M10 | Kwa hesabu ya mizunguko | Mara nyingi kutoka juu | Legeza boliti, mota inachomoka | Plaiwudi na siku tatu |
| Lifti ya dukani | Kutoka juu | Kutoka juu | Itakaa humo milele | Kubwa |

Umeme na kasi

Haya hayachagui njia. Rauta ikiwa chini ya meza, swichi yake iko pale usipoifikia haraka. Weka swichi ya nje mbele ya meza, karibu na goti, ya aina inayojizima umeme ukikatika na kukataa kuwaka mpaka ubonyeze tena kitufe cha kijani. Fikiria: umeme umekatika saa nne, umeacha rauta imefungwa kwenye "washa", umekwenda kunywa chai, umerudi unasafisha maranda kuzunguka biti kwa vidole. Saa tano umeme unarudi. Karakanani kwangu tulinusurika kwa sababu kijana alikuwa ametumia brashi. Ila ijaribu kwanza rauta yenyewe: baadhi za kisasa zina kinga ya ndani na hukataa kuwaka zikipata umeme huku swichi yao imewashwa. Hizo hazipokei amri ya swichi ya nje, zitawashwa kwa swichi yao.

Kasi nayo. Biti ndogo hadi milimita 25 zinastahimili mizunguko 24,000 kwa dakika. Biti ya paneli ya milimita 89 isizidi 12,000. Kwa 24,000 ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Rauta isiyo na kirekebisha kasi isifungwe biti hiyo, hata kwa jaribio la dakika moja. Mbao ipite toka kulia kwenda kushoto fensi ikiwa mbele yako, na isipite kamwe kati ya biti na fensi. Usilifunge sanduku la chini pande zote. Mota inahitaji hewa baridi, na ikivuta vumbi lake yenyewe siku nzima utainunua mpya.

Tulipomaliza kuzungumza, yule kijana alinijibu lile swali la mwanzo. Anatengeneza fremu za picha na stuli, biti mbili, urefu uleule wiki nzima, na rauta ni moja. Nikamwambia achukue pleti. Akasema hana alumini, na Jumamosi ana oda. Basi akaifunga kwa skrubu kwenye plaiwudi yake, tukabakiza milimita 9, saa sita mchana ikawa inachonga. Kabla hajaipindua meza nilimpigia mstatili wa penseli upande wa chini, 250 kwa 300, ukizunguka kile kitako, na mwingine ndani yake unaopungua milimita 12 kila upande. Mguu wa meza uliokuwa uingie ndani ya mstari tuliusogeza. Alumini ataipata mwezi ujao.